Nyongeza Yako ya Spadina

Mama Zuhura, mke wangu,

Hali ya huko siulizi, maana uliondoka umeniambia nisikusumbue. Mimi mzima. Magoti yanalalamika, lakini hayo yalianza ungali hai, unayajua. Nakuandikia kwa sababu wanataka kubomoa duka la mboga la Bibi Lan, na si adabu habari hiyo uisikie kwa marehemu wenzako. Huko nako wambea hawakosekani.

Unakumbuka baridi yetu ya kwanza hapa Toronto? Ghorofani kule Thorncliffe Park ukagoma kula. Mboga za hapa, ukasema, zina ladha ya karatasi. Tukapanda basi, tukapanda treni, hadi Spadina kwenye mtaa wa Wachina, kutafuta bamia. Nje ya duka moja ukaona matembele yamejaa boksi zima. Uliyashika kama umekutana na shangazi yako. Mimi nikaona haya, nikajifanya nasoma bango la Kichina.

"Soma vizuri," ukaniambia. "Hata la Kiswahili lilikushinda darasa la nne."

Halafu ukadai nyongeza. Umeshalipa, mboga zimo mfukoni, na bado umesimama umenyoosha mkono, kama uko sokoni Kondoa. Nikakuvuta koti. "Twende mwanamke, hapa Kanada." Bibi Lan, na udogo wake ule, akakutazama kwanza. Kisha akacheka, akachomoa majani ya vitunguu akakutilia mfukoni. Baadaye alituambia kwamba kwao muuza mboga asiyekuongezea majani ya vitunguu ni kama amekutukana. Wajanja wawili mkakutana. Tangu siku ile hukununua mboga kwingine, na neno nyongeza ukamfundisha, akawa analitamka kwa madaha kukushinda.

Ni yeye aliyetusimulia kuwa babu yake alikuwa dobi kwenye mtaa wa kwanza wa Wachina, karibu na pale zilipo sasa ofisi za jiji. Wakaambiwa wapishe. Wakasogea huku magharibi, wakaanza upya. Nawe ukamweleza jinsi mlivyopakiwa kwenye lori na kuku wenu, mkamwagwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa. Kuku wakakimbia, mama yako akalia.

"Wewe kuku wako wako wapi?" ukamwuliza.

Akaonyesha duka lake, masanduku, magimbi, mizani.

Sasa ukutani mwa duka pamebandikwa tangazo la mnara wa ghorofa utakaojengwa hapo. Wiki iliyopita palikuwa na mkutano, Zuhura akanipeleka, akaniomba njia nzima nisifungue mdomo. Kijana wa kampuni ya ujenzi, suti safi, viatu bila soksi na nje theluji, akasema wao wanaheshimu urithi. Ukuta wa mbele utabaki. Maandishi ya Kichina yatabaki, tena yatapakwa rangi upya. Ndani watauza kahawa. Bibi Lan alikaa nyuma, mikono mapajani. Nikanyoosha mkono. Mwanao akafumba macho.

"Mwambie," nikasema, "mimi nyumbani nina koti la marehemu mke wangu, limetundikwa mlangoni. Zuri, halina hata tundu. Kila siku nalisalimia na halijaniitikia. Sasa huo ukuta wake, nyongeza atatoa nani?"

Zuhura alitafsiri hadi kwenye koti, akakwama. Kisha akamalizia. Yule kijana akaandika, akasema ni hoja nzuri. Mimi mwalimu wangu alipokuwa akisema hivyo, nilijua nimefeli.

Vijana wa mtaa wanapigania jengo liwe mali ya mtaa wenyewe. Sijui kama wataweza. Lakini nikuambie kinachoninyima usingizi, na usinicheke. Msikitini wanakuombea kama marehemu. Wajukuu wanakujua wa kwenye picha. Pale dukani tu ndipo unapotajwa kama mtu aliyechelewa basi.

Jumamosi nilikwenda. Bibi Lan akapima matembele, akatia fungu la majani ya vitunguu. Akatia na la pili.

"Hili la Mama," akasema.

"Mama hali tena, Bibi Lan. Ulikuja mazikoni na machungwa."

"Najua," akasema. "Nisipompa atakuja kusimama hapa na mkono wake."

Nikatoka nje upesi, nikasingizia upepo.

Mkutano mwingine upo mwezi ujao, na safari hii Zuhura mwenyewe ndiye aliyesema tukae mbele. Nitakwenda na koti lako. Nitalikalisha kiti cha pembeni yangu, mkono wake mmoja nimeunyoosha mezani, na hatuondoki mpaka watupe nyongeza.

Lala salama, na usinichungulie ninavyopika.

Mumeo mwenye kuunguza matembele,
Baba Zuhura