Gari Linalopiga Magoti

Suna, Migori
Jumatatu, baada ya mvua

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi barazani na miwani yako, na kile kifua kimetulia kuliko kilivyokuwa wakati wa baridi. Na masikio je? Kaka Mwadime ameniambia kwamba siku hizi simu unaishika kwa heshima tu, unaitikia "ndiyo, ndiyo" hata mtu akikuuliza umekula nini. Basi nimeona nikuandikie. Karatasi haihitaji mtu apige kelele.

Sisi huku hatujambo. Watoto wamefunga shule, Okoth naye yuko nyumbani na vitabu vyake, na cherehani yangu imepumzika kidogo kabla ya msimu wa sare kurudi. Mvua inanyesha mchana, jua linarudi saa kumi, na mji mzima unafuka mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Saa hizo huwa nasimama mlangoni bila kufanya lolote. Nakuwaza.

Nina habari ndefu ya gari letu. Wewe utaielewa kuliko mtu yeyote.

Nilikwambia zamani kidogo kwamba Okoth alinunua gari kuukuu kwa mzee mmoja aliyekuwa akinunua dhahabu kule Macalder, akachoka na vumbi la machimbo. Ni gari refu la Kijapani, zito, lakini halina springi za kawaida peke yake. Ndani ya miguu yake kuna mafuta yanayosukumwa na pampu. Ukibonyeza kitufe linapanda juu kwa ajili ya barabara mbaya, ukibonyeza tena linashuka mpaka unadhani linataka kulala. Watoto wetu husema linapiga magoti.

Kwetu huku kupiga magoti huko si mchezo. Mama mkwe wangu, Mama Konsolata, alivunjika nyonga miaka miwili iliyopita, na tangu hapo anaishi nasi. Gari dogo liko chini mno kwake, akikaa hawezi kuinuka. Gari refu hawezi kulipanda. Siku moja pale stendi vijana wawili walimbeba wakamtupia ndani ya matatu kama gunia la dagaa wa omena, nguo ikampanda mbele za watu. Baadaye aliniambia, "Nyar Taita, mimi sitabebwa tena mpaka siku ya jeneza." Ndivyo wanavyoniita huku, binti wa Taita, na nimekwisha kuzoea. Gari letu likishuka, kiti kinakuja sawasawa na nyonga yake. Anageuka, anakaa, anaingiza miguu mwenyewe.

Sasa, mwezi uliopita gari likaacha kushuka. Likawa gumu, linaruka kwenye kila shimo kama punda, na taa ndogo kwenye dashibodi ikawa inapepesa. Wiki hiyohiyo simu ikaja kutoka Homa Bay. Mama Perpetua, dada yake Mama Konsolata, aliyeishi kisiwani Mfangano miaka yote akikausha samaki, ameletwa mjini kwa binti yake kwa sababu ya macho. Daktari amesema jicho moja limekwisha, na la pili linafunga polepole. Wiki chache, labda miezi. Mama Konsolata alisikiliza simu mpaka mwisho, akairudisha kwa Okoth, akasema, "Nataka anione." Hakusema nataka kumwona. Alisema nataka anione.

Okoth nami tulilipeleka gari kwa fundi hapa Suna. Fundi akainama, akachungulia, akasema, "Mwalimu, toa hii vitu yote. Weka springi na shoki za kawaida. Hii mafuta ya kupanda na kushuka ni ya kusumbua watu tu." Hakukosea kwa upande wake. Lakini gari la springi lingebaki juu daima, na Mama Konsolata angebaki barazani.

Nikamwuliza, "Na mafuta yenyewe yamewahi kubadilishwa?"

Akanitazama. "Mama, hiyo hata mimi sijawahi kufungua."

Baba, nilikukumbuka pale pale. Nilikuona shambani kwenye mkonge, trekta limenyanyua plau, nami msichana wa miaka tisa nimeshika kopo. Ulikuwa ukisema mafuta ya haidroli yakizeeka huwa mazito na yenye tope, na pampu haiwezi kusukuma tope. Na ulisema tena, kwa ukali, kwamba nisiingie kamwe chini ya kitu kinachoshikiliwa na mafuta peke yake. Nilimwambia Okoth nitayabadilisha mwenyewe. Alicheka kidogo, halafu akaona sicheki.

Tukaagiza mafuta yake hasa kutoka Nairobi, maana gari hili halikubali mengine, yakaja kwa basi ndani ya boksi. Okoth akatafuta maelezo, akayaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni. Niliazima kwa fundi stendi nne za chuma na jeki. Jumamosi asubuhi Mama Konsolata akatoa kiti chake akakaa chini ya paa la jikoni, mkongojo mapajani.

"Wewe utalala chini ya hii gari?" akaniuliza.

"Nitalala pembeni yake, Mama. Na nimeweka vyuma."

"Weka zingine."

Nikaweka na magogo mawili, ili atulie.

Kazi yenyewe ni hivi. Kwenye kila gurudumu kuna tufe la chuma linalohifadhi nguvu ya mafuta, na karibu yake kuna nati ndogo ya kutolea hewa. Unazima injini, unachomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye ile nati, upande wa pili unauzamisha kwenye chupa, kisha unalegeza kwa spana ya kumi, kidogo sana, kwa sababu mafuta yamebanwa ndani kwa nguvu ya kutisha. Nilipolegeza ya kwanza, gari lilitoa pumzi. Sijui niseme vipi. Lilishusha bega lake la kushoto taratibu, likakaa juu ya stendi, na mafuta yakaja kwenye mpira yakiwa ya rangi ya chai iliyosahaulika jikoni. Nililala pale kwenye gunia nikiyatazama yakipita. Nilisikia kengele ya kanisa, nikasikia njiwa, nikahisi niko kwetu Mwatate na wewe uko upande wa pili wa gurudumu. Nilikaribia kukuomba kitambaa.

Gurudumu la pili, la tatu, la nne, na mwisho tufe jingine lililo katikati ya gari. Sasa ilibaki kujaza tangi chini ya boneti, kuwasha injini, na kubonyeza kitufe cha kupanda ili pampu ivute mafuta mapya. Okoth alikuwa na kazi moja tu, kulitazama tangi na kuongeza kabla halijaisha. Lakini unamjua mkwe wako. Tangi lile ni la plastiki nyeupe, mwanga unapita, na mafuta yanashuka ndani yake mstari kwa mstari. Alisimama pale na mkebe mkononi, akayatazama yakishuka, akasahau kwamba yeye ndiye wa kumimina.

Pampu ikalia. Sauti nyembamba, kama mbuzi aliyefungwa mbali. Nikazima injini haraka, lakini hewa ilikwisha kuingia. Gari likabaki limeinama upande, nyuma kulia juu, mbele kushoto chini, na ile taa ikaanza tena kupepesa.

"Nilikuwa naangalia," Okoth akasema.

"Ndiyo. Uliangalia tu."

Nilikaa chini kwenye majani yenye unyevu. Machozi yalinijia. Niliwaza kwamba sasa nimeliua kabisa, kwamba fundi atakuja kuchukua stendi zake na kutikisa kichwa, na kwamba kule Homa Bay jicho linazidi kufunga. Okoth alisimama bila kujua aweke wapi ule mkebe. Mama Konsolata ndiye aliyesema, kutoka kitini.

"Nyathina, hata mimi goti yangu walitoa maji mara tatu kabla ikubali. Kula kwanza. Kesho utatoa tena."

Hakuwahi kuniita mwanangu kabla ya siku hiyo, Baba, kwa miaka kumi na moja. Niliinuka nikanawa mikono, tukala ugali na samaki, wala hatukulizungumzia gari tena.

Hewa nayo ilihitaji kupumzika ipande juu yenyewe. Jumapili baada ya misa nikarudia. Safari hii Okoth alimimina, nami nikawa nafungua na kufunga nati, na kila mara mapovu yalikuja kwenye mpira kama shanga, mengi, kisha machache, kisha moja moja, kisha hakuna. Mafuta yalikuwa meupe kama maji ya kisima. Nikakaza nati zote, nikakaa kwenye usukani, nikabonyeza. Kwa muda halikufanya kitu. Halafu likaanza kupanda, mbele kwanza, nyuma likafuata, polepole mno hata ukuta wa jirani ndio ulionekana kuzama. Likaziacha stendi. Nikabonyeza tena, likashuka. Taa haikuwaka. Okoth akahesabu mistari kwenye tangi, likiwa juu na likiwa chini, akasema tofauti ni kubwa vya kutosha, maana yake matufe bado yana uhai.

Mama Konsolata akasema, "Basi kesho."

Tukaondoka asubuhi. Awendo mashamba ya miwa yalikuwa na ukungu hadi kifuani, Rongo watu walikuwa wakifungua maduka, na gari lilikuwa likielea juu ya matuta kiasi kwamba mama alilala, kichwa kimeegemea dirisha. Tulipovuka Rodi na ziwa likatokea kwa mbali, halikuwa na mstari unaolitenga na mbingu. Nilipunguza mwendo bila sababu. Sikutaka tufike, nikitaka tufike.

Mama Perpetua alikuwa amekalishwa nje, uso umeelekea barabara. Nikasimamisha gari hatua kumi hivi kutoka kwake, nikabonyeza kitufe, likashuka. Mama Konsolata akageuka, akatoa miguu, akasimama mwenyewe. Sijakwambia alivyokuwa amevaa. Nilimshonea gauni la manjano, manjano kali ya ua la alizeti. Mwenyewe alililalamikia kwamba ni la wasichana, nami sikumweleza kwa nini nilichagua rangi ile.

Mama Perpetua akainua mkono juu ya jicho lake. "Naona manjano," akasema. "Inakuja."

"Ni mimi," mama akasema.

"Najua ni wewe. Nani mwingine anatembea vibaya hivyo?"

Walishikana pale. Mama Perpetua alimvuta uso hadi karibu na jicho lile moja, karibu sana, akautazama kwa muda mrefu, kipande kwa kipande, paji, pua, pengo la jino la mbele, kama mtu anayesoma barua bila haraka. Okoth alikwenda nyuma ya gari akajifanya anakagua tairi. Mimi nilibaki. Nilitaka kuona mtu akionwa hivyo.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Alhamisi iliyopita binti wa Mama Perpetua alipiga simu kwamba jicho limefunga. Mama Konsolata hakulia. Aliomba simu, wakazungumza Kidholuo kwa muda mrefu, akacheka mara mbili, kisha akaniomba nimtolee kiti nje.

Baba, nisalimie shangazi Mghoi, anayekupikia na kukugombeza kwa mapenzi. Nisalimie kaka Mwadime na wifi yangu, na katekista anayekuletea komunyo nyumbani. Okoth anakuamkia kwa adabu zote, na watoto wanauliza kama ng'ombe wako bado ana pembe moja. Mama Konsolata ananiambia niandike jina lake pia, nami nimeliandika.

Ni miaka mitano sasa sijafika Mwatate. Nimekuwa nikitaja nauli, shule, sare, na wewe hukuwahi kunilaumu. Desemba nakuja. Sitapiga simu kwanza. Nitakaa mbele yako pale barazani, upande wenye mwanga, unitazame kadiri utakavyo.

Mimi binti yako,
Wakesho