Maganda Matatu ya Risasi

Jumamosi, Karungu. Mawingu tangu asubuhi, mvua hakuna. Mimi pia niko hivyo hivyo.

Kaka yangu Ouma alikuwa mwanajeshi. Tulipomzika mwezi uliopita, wenzake walipiga risasi hewani, kisha kiongozi wao akampa Mama maganda matatu. Mama akayaweka mezani, kando ya picha. Yalikuwa meusi kwa moshi.

Juzi akaniambia, "Auma, hayo maganda yanatia aibu. Wageni wanakuja, mtoto wangu amekaa na uchafu."

Nilifurahi kutumwa. Hapana, si kufurahi. Nilipata tu kazi ya kufanya.

Leo nimeyapeleka Migori kwa fundi anayesafisha koki na vitasa vya shaba. Ana pipa dogo linalozungushwa na mota, ndani limejaa magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Kwanza alikagua kila ganda, akahakikisha ni tupu. Akauliza ya nani, nikamweleza.

"Pole sana, dada."

Nikasema asante, kama mtu aliyepewa chenji.

Pipa lilizunguka saa mbili nzima. Nilikaa kwenye benchi nikilisikiliza. Nilijaribu kumfikiria Ouma. Nilifikiria mota.

Sijalia hata mara moja tangu afe. Watu wanadhani nina nguvu.

Maganda yalitoka yaking'aa kama pete. Nyumbani, Mama aliyageuza mkononi, akaita jirani aje aone. Ni mara ya kwanza namwona akitabasamu tangu mazishi, na hata hilo nililitazama tu.

Jioni akaja Achieng, mke wa Ouma. Nyumba yake iko hapo ng'ambo ya ua, na huwa anapita kila siku kumsalimia Mama. Alisimama mezani muda mrefu.

"Wifi, umeyasafisha?"

"Mama alitaka."

"Na ndani?"

"Ndani na nje."

Akachukua moja, akaliweka puani, akafumba macho. Kisha akalirudisha polepole.

"Linanuka mahindi," akasema. "Ule moshi ndio nilikuwa nakuja kunusa. Ouma akirudi likizo, begi lake lilikuwa na harufu ile."

Hakugombana. Alimuaga Mama vizuri, akaenda. Mama hakuelewa kitu.

Mwezi mzima nimemwona akiinama pale mezani, nikadhani anaomba. Sikuwahi kumuuliza. Alikuwa na kitu kimoja cha mume wake, na mimi nimekipeleka mjini nikalipa kitolewe.

Nimejaribu kulia kwa ajili yake. Hakuna kilichotoka.

Kesho kabla ya kanisa nitavuka ua, nibishe kwake. Sijui kama msamaha unaoombwa kwa macho makavu unahesabika.

Nitauomba hivyo hivyo.