Sauti Iliyokataa Kupanda

Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Nakuandikia nikitumaini goti limekupunguzia maumivu, na kwamba hapo Baleni mnalala na kuamka salama. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Roho ndiyo si nzima, na nimeona bora nikwambie mwenyewe kuliko uje usikie kwa watu.

Ile kazi ya kusema ndani ya sinema sikuipata. Najua umekwishawatangazia majirani kwamba sinema ya serikali ikija Mafia, sauti itakayotoka ni ya Haji wako. Haitakuwa yangu. Watakaokwenda kutazama watamsikia kijana mmoja wa Tanga.

Sinema yenyewe ni ya chonga, yule mdudu anayetutobolea minazi. Nilipewa karatasi niisome mbele ya mashine ya kunasa sauti, kisha Bwana Sudi, mwalimu wetu, akaifungulia tusikilize pamoja. Mama, nilijisikia nikajipenda. Nilimsikia marehemu baba mle ndani, vile alivyokuwa akipandisha mwisho wa maneno katikati ya maulidi, watu wakingoja kuitikia. Bwana Sudi akazima mashine, akaniambia kwa upole, "Haji, sauti unayo. Lakini hapa hatumsomei mtu maulidi. Tunawaambia wakulima wachome vigogo vilivyooza."

Basi tukaanza kazi ya kuondoa huko kupanda. Kila nikisoma, yeye ameshika kalamu, na sauti ikitaka kupanda tu anagonga meza. Nasimama, narudia. Nikirudi chumbani nasoma peke yangu na kugonga mwenyewe. Nilisoma hata karatasi iliyofungiwa sukari, almuradi sauti ilale. Ikalala kweli. Siku ya kunasa mara ya mwisho, mzungu mwenye idara akasikiliza, akasema sasa nasoma kama mtu aliyechoshwa na maisha, akamchukua yule wa Tanga. Sikuweza hata kumkasirikia, maana alisema kweli.

Hayo ningeyavumilia. Kilichonimaliza ni kilichofuata. Wenzetu wa Mafia walioko huku walifanya maulidi, wakajua mimi ni mtoto wa nani, wakanipa kitabu. Nikafungua kinywa, na sauti haikupanda. Kila ikifika pale panapotakiwa, nasikia kalamu ya Bwana Sudi inagonga, nashuka. Nilisoma sifa za Mtume kana kwamba natangaza habari za chonga. Waitikiaji hawakujua waingie wapi. Mzee mmoja akakipokea kitabu mikononi mwangu, akasema nipumzike, labda nimechoka na safari. Mimi nilikuwa nimetoka mtaa wa pili tu.

Tangu hapo najaribu kila baada ya sala ya alfajiri, na hairudi. Nalia, mama, sikufichi. Nimekitupa alichoniachia baba kwa ajili ya kazi, na kazi yenyewe nimeikosa.

Sasa unaniita nije nisome maulidi ya baba ya kutimiza mwaka, kama alivyousia. Kuja nitakuja. Lakini kusoma, nisome kwa sauti ipi? Nakuomba umwambie mdogo wangu Bakari asome yeye. Najua anakwama na kuruka maneno, na baba alikuwa akimcheka. Akikwama asione haya, mradi sauti yake inapanda. Mimi nitakaa nyuma pamoja na waitikiaji.

Nisalimie shangazi wa Ndagoni, na dada yangu pamoja na wanawe. Maalimu aliyenifundisha Kurani chuoni mwambie naumwa koo, asije akaniuliza mbele za watu.

Na wewe mama, siku hiyo ukimsikia Bakari anaanza, nakuomba usigeuke kunitazama.

Mwanao,
Haji