Mshono Unaoruka

3 Machi
Baba, shikamoo. Miguu inasemaje? Mimi mzima, ila hii mashine ya kupima umeme wa moyo itaniotesha mvi. Kila asubuhi naijaribu kabla ya mgonjwa wa kwanza, nyaya zimelala kwenye kitanda kitupu. Karatasi zinazotoka naona uchungu kuzitupa, nakuandikia nyuma yake. Usinicheke.
Bintiyo

19 Machi
Marahaba mwanangu. Miguu yanikumbusha umri, mengine salama. Barua nimeisoma pande zote mbili. Hiyo michoro ni kama mshono wa cherehani: kilima kidogo, mwiba mrefu, kilima kidogo, mwiba mrefu. Ila kila baada ya mitano, mwiba mmoja unarukwa. Huyo mgonjwa mpe pole.
Baba yako

27 Machi
Shikamoo Baba. Kweli fundi ni fundi. Kilima ni umeme wa vyumba vya juu vya moyo, mwiba ni wa vyumba vya chini. Kilima kikija peke yake, ujumbe umetoka juu haukufika chini, na pigo limepotea. Lakini Baba, kitanda kilikuwa kitupu. Pasipo mtu hutoka mstari ulionyooka tu. Karatasi hii ya leo sijaigeuza kuona mchoro. Naona aibu kusema naogopa.
Bintiyo

10 Aprili
Mwanangu, hii inaruka kila baada ya mitatu. Siku mbili sijagusa cherehani. Usinione nazeeka vibaya, lakini miaka ishirini na sita nililaza sikio mgongoni kwa mama yako. Moyo wake ulichechemea hivi hivi: mitano, kimya. Mwishoni ikawa mitatu, kimya. Nilimtania kwamba ana moyo wa fundi mvivu. Sikumpeleka hospitali, na hilo halinitoki. Marehemu hakuwa mtu wa kubisha hodi bila shida. Lala wewe kwenye hicho kitanda, upimwe.
Baba yako

18 Aprili
Shikamoo Baba. Napanda ngazi za ghorofa nne bila kuhema. Mama amepumzika, tumwache. Leo nimetumia karatasi ya kawaida.
Bintiyo

20 Mei
Mwanangu, hujambo? Hii ni barua ya tatu bila jibu.
Baba yako

2 Juni
Shikamoo Baba, nisamehe. Nilizirai kwenye ngazi zile zile nilizojisifia. Mwenzangu kazini akanilaza, akanifunga nyaya. Mitatu, kimya. Tukaiweka karatasi yangu juu ya ile ya asubuhi ya siku hiyo hiyo, ya kitanda kitupu, tukazishika dirishani. Zililingana kila mwiba. Daktari anasema hitilafu hii ni ya kurithi, na ningechelewa kidogo mngenizika. Wameniwekea kifaa chini ya ngozi, karibu na bega, kinausukuma moyo unapotaka kuruka.
Tangu hapo kitanda kitupu kinatoa mstari tu. Geuza uone. Najua utafurahi.
Bintiyo

15 Juni
Marahaba mwanangu. Nimefurahi mpaka nimelia, majirani wakadhani nimefiwa.
Mstari nimeuona. Nimeupitishia kidole mwanzo hadi mwisho. Sikukwambia, zile karatasi mbili nilikuwa nalala nazo chini ya sikio. Najua alikuja kwa ajili yako, na kazi yake imekwisha. Lakini asubuhi ukiijaribu mashine, usiharakishe kuizima. Iache iandike kidogo zaidi, halafu uniletee.
Baba yako