Pikipiki ya Khalfan Imekufa Mikononi Mwangu na Anarudi Alhamisi

Shikamoo Bi Masuda. Nakuandikia kuomba msaada maana nimefika mahali hata chakula hakipiti. Mimi ni mlinzi katika jengo moja hapa Dubai Marina, kwetu ni Bukoba, na chumba chetu kiko Al Mankhool, tunakaa watatu, mimi, Mubin ambaye ni Mhindi, na Khalfan wa Malindi, ambaye anawapelekea chakula wateja wa mgahawa mmoja kwa pikipiki yake mwenyewe, ya zamani lakini anaitunza kama yai. Mwezi wa tano mgahawa ulifungwa kwa matengenezo, na kwa kuwa mke wake alikuwa karibu kujifungua akaamua kwenda nyumbani, na siku ya kuondoka akanipa ufunguo na turubai akaniambia, "Gervas ndugu yangu, kila Ijumaa iwashe, izungushe mtaa mara mbili, halafu uifunike, jua la hapa linakula kila kitu," nikamwambia asiwe na wasiwasi kabisa.

Bi Masuda, niliiwasha Ijumaa mbili. Ya tatu nilikuwa nimechoka, ya nne lilikuwa joto la kuua mtu, halafu ikaja Ramadhani zamu zikabadilika, na lile turubai nikalichukua kufungia mzigo wangu, godoro na televisheni, niliokuwa naupeleka bandarini Hamriya usafirishwe nyumbani, nikasema nitanunua jingine, sikununua. Khalfan alikuwa anauliza kila wiki kwenye WhatsApp na mimi namjibu iko poa, mpaka mwezi wa nane akaniomba niirekodi aisikie, nikaona aibu, nikashuka kurekodi pikipiki ya Rafiq, Mpakistani wa duka la chini, nikamtumia, naye akajibu, "Mbona inanguruma vizuri kuliko nilivyoiacha? Mungu akulipe," akanitumia na picha ya mtoto wao, wa kike.

Sasa anafika Alhamisi ya wiki ijayo, Jumapili mgahawa unafunguliwa, na amemwahidi meneja atakuwepo na pikipiki yake, asipokuwepo nafasi anapewa mwingine, na viza yake inategemea kazi hiyo hiyo. Juzi ndiyo nikaiendea. Tairi zimekaa chini, betri kimya, nikaongeza petroli mpya juu ya ile iliyokuwemo, Mubin akaleta waya tukaunganisha na betri ya gari, nikashikilia stata mpaka waya mmoja ukaanza kunuka, pikipiki ikakohoa mara mbili ikatoa moshi ikazima, na tangu hapo haijasema kitu. Mubin ananiambia, "Khalas, basi, sema ni joto, kila mtu analijua joto la Dubai." Mwingine ananiambia kuna dawa ya chupa unaimimina kwenye tangi inafufuka. Ninachoomba kujua ni kama dawa hiyo ipo kweli, na nikimwambia ni joto nitakuwa nimekosea sana? Sitaki kumpoteza Khalfan, ndiye aliyenibeba kunipeleka hospitali nilipoanguka kazini.

Gervas, Dubai Marina.

*

Marahaba, Gervas.

Joto halikuanza mwaka huu. Khalfan alilijua, ndiyo maana akakuachia turubai, nawe ukalifungia godoro.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ambapo pikipiki ndiyo imekukosea, sikupaona. Uliombwa robo saa kila Ijumaa, ukachoka. Lakini kushuka mpaka dukani kwa Rafiq, kumwomba awashe yake, kuinama na simu karibu na ekzosi, hapo nguvu ulikuwa nazo. Uvivu ningekusamehe, hata mimi mvivu. Hilo la pili si uvivu. Mtu yuko kwao na mtoto mchanga mkononi, anakuombea dua kwa mngurumo wa pikipiki isiyo yake, na wewe unaisoma dua hiyo unaweka simu mfukoni.

Unasema hutaki kumpoteza Khalfan. Sikuona ukimfikiria Khalfan hata mstari mmoja, unafikiria atakavyokutazama. Ungemfikiria yeye ungeona kwamba akijua leo ana wiki nzima ya kuzungumza na meneja wake, kuazima pikipiki ya mwenzake, kutafuta fundi anayemwamini. Akijua Alhamisi pale uwanja wa ndege, zimebaki siku mbili, na moja ni Ijumaa, gereji zimefungwa. Kila siku unayonyamaza unaikata kwenye siku zake, si zako.

Dawa ya chupa isahau. Marehemu mume wangu alikuwa na gereji ya pikipiki Al Quoz, hapo hapo Dubai, nami nilikaa pale mapokezi miaka kumi na tisa. Kila Oktoba walikuja wenzako na pikipiki zilizolala msimu wote wa joto, na karibu kila mmoja alikuwa ameshaizidishia maradhi kwa kuilazimisha. Basi usiiguse tena stata. Petroli yote itolewe, pamoja na hiyo mpya, maana umemimina maziwa mabichi juu ya yaliyoganda. Petroli ikikaa miezi kwenye joto huwa kama gundi, inaziba vitundu vya kabureta, kwa hiyo kabureta ifunguliwe na kusafishwa kitundu kimoja kimoja. Betri mpya, plagi mpya. Oili ibadilishwe kabla injini haijawashwa. Waya ulionuka mwonyeshe fundi na umwambie ulichofanya, usije ukamficha na yeye. Tairi zikiwa na nyufa ubavuni, usizijaze upepo ukafurahi. Nunua nyingine, kwa mfuko wako, kwa sababu huyo baba wa mtoto mchanga atapita nazo katikati ya malori. Na breki zijaribiwe na fundi, si na wewe.

Lakini usianze na fundi. Najua utasema ngoja kwanza itengenezwe, ikipona hatajua. Anza na Khalfan, leo, kabla hujaingia zamu. Mpigie simu ya kawaida, hata ikila salio lote. Mwambie: niliiwasha mara mbili tu, turubai nililichukua mimi, sauti niliyokutumia ilikuwa ya pikipiki ya Rafiq, na sasa haiwaki. Hayo tu. Joto usilitaje, Ramadhani usiitaje, na Mubin muache alale. Akikutukana, sikiliza mpaka amalize. Akikata simu, usimwandikie kumuuliza kama amekasirika. Fundi atamchagua Khalfan mwenyewe, kazi yako ni kuisukuma mpaka huko.

Alhamisi nenda ukampokee. Mbebee mizigo, muulize habari za mama na mtoto, na mkiwa kwenye teksi usimwombe aseme yamekwisha. Yatakwisha siku atakayotaka yeye, au hayataisha, na utakaa naye chumba kimoja hivyo hivyo.

Bi Masuda