Kwa Mama Mkwe Niliyemkazia Macho

Mama mpendwa,

Ulipokuwa hai sikuwahi kukuandikia hata ujumbe wa simu. Ukitaka kunisalimia ulimtuma binti yako Mutheu, na mimi nikitaka kukujibu nilimtuma huyo huyo, mke wangu maskini, akawa anakimbia kati ya jikoni na sebuleni siku nzima. Leo namruka. Nina jambo ambalo hata yeye sijamwambia lote.

Unakumbuka nilipokuja kwako Mutomo mara ya kwanza kama mkwe? Uliniona langoni, ukageuka ukapitia nyuma ya zizi la mbuzi ili tusikutane uso kwa uso. Mimi, kijana wa mji wa Salama niliyezoea kelele za barabara kuu, nilidhani umenichukia. Mutheu alicheka mpaka akakaa chini. "Amekuheshimu, wewe! Hiyo ni nthoni. Mkwe haangaliwi machoni." Baadaye ukanitumia kuku mzima kupitia kwake, nikala peke yangu nikijua nimependwa. Miaka kumi na moja tuliishi hivyo, na ulinifaa kuliko watu wengi ninaokula nao meza moja.

Kisha kiharusi kikakunyang'anya sauti na mikono. Mimi fundi wa kompyuta nikaona zamu yangu imefika. Mashine za kusoma macho zinazotoka ng'ambo hatungeziweza, lakini nilikuwa nimeanza kutengeneza programu ya tableti ya kawaida, hizi za watoto wa shule. Kamera yake ya mbele inafuata macho ya mgonjwa. Akikazia picha fulani, tableti inaitamka. Nilikuja nayo Mutomo nimejaa majivuno. Nikaketi mbele yako, nikaishika kifuani, uso wangu juu yake tu, nikisema, "Angalia hapa, Mama. Hapa." Ukafumba macho. Nikangoja. Ukayafumbua, yakakutana na yangu, ukayafumba tena. Tulishinda hivyo siku tatu.

Nilijua, Mama. Hilo ndilo linalonichoma. Sikuwa tena mgeni wa desturi yetu. Nilifikiri tu kwamba mbele ya kazi yangu nzuri ungeiweka kando. Kyalo, mwanao mkubwa, aliniuliza, "Sasa, anaelewa ama haelewi?" Nikamjibu kama daktari: "Haelewi. Akili imeenda." Wala sikuona haya kusema hivyo ukiwa unanisikia.

Kwa neno langu wanao wakaanza kukuzungumzia ukiwa hapo hapo kitini. Kwa neno langu wakagawana mbuzi wako, wakafunga nyumba, wakakuleta kwetu Sultan Hamud ili Mutheu akutunze. Mama mkwe kulala kwa mkwe wake, kulishwa kwa kijiko huku mimi nikipita mlangoni na taulo begani! Ulikuwa unaelewa kila kitu, na kwa miezi minne nilikuaibisha kila asubuhi.

Siku moja nikiwa kazini, Mutheu aliegemeza tableti kwenye stuli mbele yako, akaketi kando. Niliporudi nilimkuta analia.

"Anaongea," aliniambia. "Ameongea mchana wote. Shida ilikuwa ni wewe."

Neno lako la kwanza lilikuwa picha ya nyumba. "Nyumbani."

Kyalo alitaka kukurudisha Mutomo Jumamosi hiyo hiyo. Nilimwomba angoje wiki mbili, nikasema mvua imeharibu barabara. Mama, barabara ilikuwa sawa. Kulikuwa na wageni kutoka Nairobi waliotaka kuiona programu ikifanya kazi, na sikuwa na mgonjwa mwingine wa kuwaonyesha. Walikuja, wakapiga makofi, wakaenda zao. Siku tatu baadaye ulifariki katika chumba cha nyuma cha nyumba yangu, na tukakurudisha Mutomo ukiwa kwenye jeneza.

Kwenye mazishi mchungaji alinishukuru kwa kukupa sauti. Nikasimama, nikapokea shukrani. Siku hizi nikimpelekea mtu tableti naifunga kwenye stendi ya mbao, nauliza kila aliyepo ni nani kwa mgonjwa, kisha natoka nje kabisa. Watu husifu unyenyekevu wangu.

Barua hii Mutheu ataisoma kwanza, kisha Kyalo na wadogo zake. Wanifanye watakavyo. Nataka wajue akili yako haikupotea hata siku moja, na kwamba ungefika kwako ukiwa hai.

Jana nilifungua daftari la majaribio ya siku zile mbele ya wageni na baada yao. Ulisema "nyumbani" mara kumi na tisa. Kando ya kila moja, kwa mwandiko wangu safi, kuna tiki na maneno haya: imefanya kazi.

Kwaheri, Mama.

Mkweo,
mume wa Mutheu