Maski za Siku Moja

Kapata, mercredi jioni, Septemba 1975

Basi nimesema uongo, na hakuna mutu anayejua.

Bazungu bale banunuaka shaba yetu balitoka Ulaya kuona kama batumikaji tunatunzwa muzuri. Asubui kila mutu akapewa maski ya mavumbi. Mi niliwekwa kutafsiri, sababu nilisoma kwa bapadri.

Muzungu mumoja akauliza tata Kazadi, anayesaga mawe, kama banavaaka maski siku yote.

Tata Kazadi akatoa yake, akakohoa. "Mwana, umuambie batatunyanganya hizi leo leo. Umuambie na kifua changu."

Shefu alisimama nyuma yangu. Nyumba tunayolala ni ya kampuni, na batoto ni bane. Nikasema kwa Kifaransa: anashukuru sana. Muzungu akaandika.

Bageni balipoondoka, shefu akanituma nikusanye maski zote kwa mulango. Tata Kazadi hajui Kifaransa. Alinirudishia yake, ameikunja muzuri kama kitambaa cha misa.

"Aksanti, mwana," akasema. "Sasa Ulaya banajua."